Kipi kianze, valvu au mshipa?

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma kadhaa na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimehama mji. Sijahama. Ni baba mkubwa.

Mzee ana miaka 76. Ndiye aliyenifundisha kusoma gazeti kabla sijaanza darasa la kwanza, kwa hiyo kama uandishi wangu unakukera, mlaumu yeye. Alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi za ghorofa ya kwanza tu, nasi tukasema uzee. Kisha akaanguka nje ya duka, akazinduka mwenyewe, akaamka na kudai chenji yake. Hapo ndipo tukampeleka hospitali. Baada ya vipimo vya siku tatu daktari akatuita wanafamilia, akachora moyo nyuma ya karatasi ya risiti, akatuambia mzee ana mambo mawili. Valvu inayotoa damu kwenye moyo imeota chokaa na haifunguki sawasawa. Na mshipa mkuu wa damu, ule waitao aota, umetuna tumboni, kama mpira wa ndani wa baiskeli unaochungulia kwenye tairi lililochanika.

Sasa, kipi kianze? Daktari akatueleza mtego wenyewe. Ukianza na tumbo, unamlaza kwa nusu kaputi mtu ambaye moyo wake unasukumia damu kwenye tundu la sindano. Presha ikishuka kidogo tu, moyo hauna akiba ya kujiokoa. Ukianza na valvu, damu inatoka kwa nguvu mpya na kwenda kugonga mshipa ambao tayari umetuna, na watu wanahofia utapasuka. Mama mkubwa, ambaye hajawahi kumwogopa daktari yeyote, akauliza: "Kwani haviwezi kufanywa vyote kwa mkupuo mmoja?" Daktari akacheka kidogo. Akasema siku hizi vinaweza, tena bila kupasua kifua wala tumbo, ila si kwa kila mgonjwa na si kila mahali.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nikiambiwa "siku hizi" nataka kujua tangu lini. Nikaenda kusoma, na nilichokikuta kimenishangaza, ndiyo maana leo naandika kirefu. Chukua chai.

Kwanza tuelewane kuhusu bomba lenyewe. Aota inaanzia mlangoni mwa moyo, inapanda kifuani, inapinda kama mpini wa mwamvuli, inashuka nyuma ya moyo hadi tumboni, halafu karibu na kitovu inagawanyika kwenda miguuni. Valvu ya aota ndiyo mlango wa mwanzo wa bomba hilo. Mlango ulio mzima hufunguka kiasi cha sentimita za mraba 3 hadi 4. Ukishuka chini ya 1, hali ni mbaya. Nako tumboni bomba lina upana wa sentimita 2 hivi. Kwa mwanaume, likifika 5.5 madaktari huanza kuzungumzia kulitengeneza. Kwa hiyo mlango na bomba ni kitu kimoja. Lakini historia ya tiba iliwatenganisha, na kwa maoni yangu hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa kitamu.

Zamani hapakuwa na tiba yoyote ya maana. Mwaka 1948 Albert Einstein alipasuliwa tumbo mjini New York na daktari Rudolph Nissen, ambaye alikuta aota imetuna. Kwa kuwa hakukuwa na njia ya kuubadilisha mshipa, aliuzungushia karatasi ya selofeni, ili mwili uichukie, utengeneze kovu, na kovu lishikilie mshipa. Msicheke, ilimpa Einstein miaka zaidi ya sita. Aprili 1955 mshipa ulianza kuvuja. Alikataa upasuaji akafa akiwa na miaka 76. (Ndiyo, umri wa baba mkubwa. Nilisimamisha kusoma nilipofika hapo.)

Wakati Einstein anakufa, upasuaji wa kweli ulikuwa umeshaanza. Charles Dubost wa Paris alikata aota iliyotuna mwaka 1951 na kuweka kipande cha mshipa wa maiti. Kule Houston, Michael DeBakey alinunua kitambaa cha Dacron dukani na kukishona kuwa mrija kwa cherehani ya mkewe. Nawaambia ukweli, bomba la kwanza lilitoka kwenye cherehani ya nyumbani. Upande wa mlango nao haukulala. Mwaka 1953 John Gibbon wa Philadelphia alimfanyia upasuaji binti wa miaka 18 huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu, na mwaka 1960 Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards wakaleta valvu ya mpira mdogo ndani ya kizimba. Unaona mgawanyiko? Hawa ni wa bomba, wale ni wa mlango.

Wagonjwa wenyewe hawakugawanyika hivyo. Mwaka 1968 Hugh Bentall na Antony De Bono wa London walichapisha njia ya kutengeneza vyote viwili kwa pamoja pale mwanzo kabisa wa aota. Walikutana na mshipa mwembamba mno, hakuna pa kushikiza nyuzi, wakaamua kushona valvu bandia kwenye mrija bandia hapohapo, kisha wakakipachika kitu chote kama kimoja. Mpaka leo upasuaji huo unaitwa Bentall. Ni kazi nzuri sana. Ila ni ya kupasua mfupa wa kifua, kusimamisha moyo na kuunganishwa na mashine, na mzee wa miaka 76 mwenye figo zilizochoka si kila mara anaamka baada ya hapo. Mwaka 1996 Delos Cosgrove na mwenzake wa Cleveland walionyesha kwamba valvu inaweza kufikiwa kwa mkato mdogo badala ya kufungua kifua chote. Ni maendeleo, lakini bado ni kisu, na mashine ipo palepale.

Njia ya pili ilikuwa inachimbwa kimyakimya na watu ambao wenzao waliwaona wamepungukiwa kidogo. Mwaka 1929 kijana wa Kijerumani wa miaka 25, Werner Forssmann, aliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma hadi moyoni, kisha akatembea kwa miguu hadi chumba cha eksirei apigwe picha. Malipo yake wakati huo yalikuwa dharau. Nobel ilikuja mwaka 1956. Halafu Januari 1964, huko Portland, Marekani, Charles Dotter aliletewa mama wa miaka 82 ambaye vidole vya mguu vilikuwa vinaoza. Madaktari wa upasuaji walitaka kuukata mguu, mama akakataa katakata. Dotter akapitisha mirija ndani ya mshipa uliobanwa, mmoja mnene kuliko mwingine, mpaka damu ikapita. Mama yule aliishi na mguu wake mpaka kifo chake. Wenzake walimwita Dotter fundi bomba, naye wala hakukasirika, alitumia picha ya spana kama nembo yake. Ukumbuke mguu huo. Tutaurudia.

Mwaka 1977 Andreas Grüntzig wa Zurich alianza kupanua mishipa ya moyo kwa puto ambalo mifano yake ya awali aliitengeneza kwenye meza ya jikoni. Mwaka uliofuata, daktari kijana kutoka Argentina, Julio Palmaz, alimsikiliza akihutubia Marekani. Palmaz akajiuliza: puto likishaondolewa, nini kitazuia mshipa usijifunge tena? Jibu alilipata gereji kwake, kwenye kipande cha wavu wa chuma kilichoachwa na mafundi ujenzi. Akaanza kutengeneza wavu mdogo uliokunjwa juu ya puto: ukipuliza puto wavu unafunguka, ukilitoa wavu unabaki. Hiyo ndiyo stenti.

Sasa sikiliza yaliyotokea ndani ya miezi kama ishirini tu. Februari 1989 Palmaz alitoa mhadhara Arizona. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwa daktari wa Denmark, Henning Rud Andersen, ambaye alitoka ukumbini na wazo moja: wavu ule ukiwa mpana zaidi, kwa nini usibebe valvu ndani yake? Alirudi Aarhus, akawa anachukua mioyo ya nguruwe bucha, akasokota waya kwa mkono, akashona valvu ya nguruwe ndani ya waya, na tarehe 1 Mei 1989 akaiweka ndani ya nguruwe aliye hai. Ikafanya kazi. Majarida yakamkatalia, makala yake ikatoka mwaka 1992. Kwa upande mwingine, Muajentina mwenzake Palmaz aitwaye Juan Parodi alikuwa na ndoto ya miaka mingi ya kutibu aota iliyotuna kutokea ndani. Septemba 1990, Buenos Aires, alishikiza mrija wa kitambaa kwa stenti ya Palmaz, akaupitisha kwenye mshipa wa kinena, akauachia ndani ya aota ya tumboni. Damu ikapita ndani ya kitambaa, na sehemu iliyotuna ikabaki nje ya njia.

Mlango na bomba, tiba zote mbili, kutoka wavu mmoja wa gereji. Mapacha kabisa!

Hapa nitoke nje ya barabara kidogo, maana kuna jambo linaniuma. Parodi ndiye anayetajwa kama wa kwanza, lakini Machi 1987, kule Kharkiv katika Ukraine ya leo, daktari Nikolay Volodos alishamwekea mgonjwa mrija wa namna hiyo kwenye aota ya kifuani, kwa stenti aliyoibuni mwenyewe. Aliandika. Ila aliandika Kirusi, ndani ya dola iliyofungwa, na dunia ya Kiingereza ikapita bila kumwona kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2016, heshima yake ikiwa imeanza kurudi. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunamwelewa bila kuelezwa sana, au vipi?

Turudi. Mapacha wale walilelewa nyumba tofauti. Tiba ya bomba ilichukuliwa na madaktari wa mishipa, nayo ikakua haraka. Mwaka 2004 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa mrija wa ndani, asilimia 1.7 walikufa katika siku 30 za mwanzo, dhidi ya asilimia 4.7 ya waliopasuliwa tumbo. (Wauzaji wa vifaa hawapendi kumalizia hadithi, kwa hiyo namalizia mimi: baada ya miaka mingi faida ile ilipotea, na baada ya mwaka wa nane waliopasuliwa walikuwa na hali bora, maana mrija wa ndani unahitaji kuchunguzwa maisha yote.) Tiba ya mlango ikabaki kwa madaktari wa moyo, tena ikachelewa sana. Wadi tofauti, mikutano tofauti, majarida tofauti.

Aliyeibeba ni Mfaransa, Alain Cribier wa mji wa Rouen. Tangu 1985 alikuwa anapanua valvu za wazee kwa puto, na kila mara valvu zilijifunga tena baada ya miezi. Akaamua kuwa lazima wavu ubaki. Katikati ya miaka ya 1990 alijaribu stenti kwenye mioyo 12 ya wafu na kuona kwamba chokaa ileile inayomuua mgonjwa ndiyo inayoushikilia wavu usitoke. Kampuni alizozigongea milango zilimwambia ni upuuzi, kwamba mgonjwa atakufa mezani. Ikabidi yeye na wenzake watatu waanzishe kampuni yao mwaka 1999.

Tarehe 16 Aprili 2002 aliletewa mwanaume wa miaka 57. Valvu imeziba, moyo umezimia kabisa, madaktari wa upasuaji wamemkataa. Puto la kawaida halikumsaidia. Sasa hapa ndipo niliposimama na kuita watu wa nyumbani waje wasome. Mtu huyo, binadamu wa kwanza duniani kuwekewa valvu ya aota bila kupasuliwa, alikuwa na maradhi ya bomba pia. Miaka kadhaa nyuma alikuwa amepasuliwa kuunganishiwa mrija kutoka aota kwenda miguuni, nao ulikuwa umeziba. Barabara ambayo Cribier angepita, ya mshipa wa kinena kupanda juu, haikupitika. Ikabidi aingie kwa mshipa unaorudisha damu, atoboe ukuta kati ya vyumba vya juu vya moyo, azunguke hadi aikute valvu kwa upande wa nyuma. Valvu ikafunguka. Mgonjwa akapata rangi, presha ikapanda, akaanza kuongea.

Na baada ya takriban miezi minne akafa. Valvu ilikuwa nzima. Kilichomuua ni mguu: damu haikufika, mguu ukakatwa, na matatizo yaliyofuata yakammaliza.

Nimesoma makala nyingi zinazosherehekea siku ile ya Rouen, na ni haki isherehekewe. Cribier amefariki Februari 2024 baada ya kuona mamia ya maelfu ya wagonjwa wakitibiwa kwa njia yake. Mguu huwa unapewa sentensi moja. Mimi naona ndio habari yenyewe. Mlango ulitengenezwa, bomba likaachwa, na mwenye bomba akafa.

Ilichukua muda kwa mapacha kukutana tena. Kwanza vifaa vilipungua unene. Mirija ya mwanzo ya valvu ilikuwa na upana wa karibu milimita 8, kubwa mno kwa mishipa ya wazee. Ya sasa huingia ikiwa na milimita 6 hivi. Kisha ushahidi ukaja. Mwaka 2010, kwa wagonjwa waliokataliwa upasuaji, waliowekewa valvu kwa mrija asilimia 30.7 walikufa ndani ya mwaka, dhidi ya asilimia 50.7 ya wasiowekewa. Kufika 2019 tafiti zilishawagusa hata wagonjwa wenye hatari ndogo. Na kwa kuwa kila mgonjwa wa valvu sasa anapigwa picha ya bomba lote kutoka shingoni hadi mapajani, ili wajue njia, madaktari wakaanza kugundua aota zilizotuna ambazo hakuna aliyezitafuta. Watu wa aina ya baba mkubwa. Ikawa haiwezekani tena kusema hilo ni la wadi ya jirani.

Ndivyo ilivyozaliwa kazi ya mkupuo mmoja aliyoiulizia mama mkubwa. Mgonjwa analala, mara nyingi kwa ganzi ya kinenani na dawa kidogo ya kumtuliza. Mrija unapita kinenani, unapanda kwa uangalifu ndani ya sehemu iliyotuna, unafika moyoni. Moyo unaendeshwa kwa umeme mapigo karibu 180 kwa dakika ili kwa sekunde chache usisukume damu, puto linapulizwa, valvu inakaa. (Kuna valvu nyingine zinazojifungua zenyewe bila puto.) Kisha, kwa tundu lilelile, unapitishwa mrija wa kitambaa na kuachiwa tumboni. Wengi huanza na valvu, kwa sababu moyo uliofunguliwa njia huvumilia kazi inayofuata, na hofu ya mshipa kupasuka inabaki ya dakika badala ya majuma. Gharama yake ni dawa ya rangi inayotumika kwenye picha: kazi mbili kwa siku moja ni mzigo mzito kwa figo. Ndiyo maana wengine bado huzitenganisha.

Si kila bomba linakubali. Aota ikitunia pale mwanzoni, mlangoni kabisa, na valvu ikavuja badala ya kuziba, hakuna chokaa ya kuushika wavu, na mishipa inayolisha moyo wenyewe inaanzia hapohapo. Miaka ya karibuni zimetoka ripoti za mgonjwa mmoja mmoja aliyewekewa mrija wenye valvu kutokea ndani, yaani Bentall bila kisu. Ni mwanzo tu. Tiba ya kawaida ya eneo hilo bado ni ile ya 1968. DeBakey mwenyewe aliyajua haya kwa mwili wake: Desemba 2005, akiwa na miaka 97, aota yake ya kifuani ilichanika kwa ndani, na Februari 2006 wanafunzi wake wakampasua kifua na kumwekea mrija wa Dacron. Aliishi hadi Julai 2008. Cherehani ilimrudia.

Na huku kwetu? Tanzania tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015, na kazi nyingi zilizokuwa za kupanda ndege sasa zinafanyika Dar es Salaam. Lakini lazima niseme kitu kuhusu valvu hizi. Zimebuniwa kwa chokaa ya wazee wa Ulaya na Marekani. Wagonjwa wengi wa valvu Afrika Mashariki ni vijana, ambao ugonjwa ulianza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, na valvu zao mara nyingi hazina chokaa ya kushikilia wavu. Cape Town kuna kundi la Profesa Peter Zilla linalotengeneza valvu kwa ajili ya wagonjwa hao. Nitawaandikia habari zao peke yake.

Jumapili nilimpelekea mzee kisa hiki chote, barazani kwake. Makaratasi yake yameshatumwa India na familia tunachangishana. Alisikiliza yote, Einstein akamchekesha, cherehani ikamfurahisha. Nikadhani amesinzia. Kisha akauliza:

"Yule Mfaransa wa kwanza, ulisema kimemuua nini?"

"Mguu, baba."

Akaitazama miguu yake ndani ya kandambili, akachezesha vidole.

"Basi kesho mpigie daktari. Muulize kama na hii wameipiga picha."

Nimeandika kwenye kikaratasi. Ndilo swali la kwanza.